Nguzo ya Njano Inayohamahama Pale Shuleni

Kwa Mkuu wa Ofisi ya Leseni za Udereva,
Ghorofa ya juu, mlango ambao mimi niliuona hauna namba.

Ndugu Mkuu,

YAH: KUNYANG'ANYWA USUKANI KWA SABABU YA HERUFI

Kichwa cha habari hapo juu kinajieleza chenyewe, na changu kinauma. Salamu kwanza. Mimi mzima, nyumbani wazima, gari zima, mikate inaumuka. Kama na wewe hujambo, basi tuingie kazini.

Kabla sijalalamika ni haki yako kujua unaongea na nani. Unaongea na mtu mwenye bahati. Sijisifu, natoa taarifa tu. Kuna waliozaliwa na sauti, kuna waliozaliwa na miguu ya mpira, mimi nimezaliwa na bahati ya barabara. Naendesha gari la mikate la bekari yetu tangu binti yangu anasukwa nywele kwa kushikiliwa, na leo binti huyo ni mama wa mtu. Muda wote huo sijagonga mtu, sijagonga mbuzi, sijagonga hata mkokoteni. Si hivyo tu. Barabara hunifungukia. Wenzangu wanalia foleni, mimi nikitokeza kwenye kona magari yanakaa pembeni, baiskeli zinapanda ukingoni, wauza nyanya wanainua meza zao na mwavuli juu. Pale kwenye kivuko cha shule, ambapo madereva wengine husimama mpaka injini inapoa, mimi sijawahi kusimamishwa. Napita kama msafara wa mgeni rasmi. Hiyo ni heshima, Mkuu, na mimi sikuiomba, nilipewa.

Pale bekari wananiita Darubini. Jina wamenipa wenyewe, na limeandikwa kwa rangi nyekundu juu ya kioo cha mbele cha gari, kwa herufi kubwa kiasi kwamba hata mimi nazisoma bila kuzisogelea sana. Sasa niambie, mtu anayeitwa Darubini avae miwani, ataeleza nini mbele za watu?

Yaliyonipata ni haya. Leseni yangu iliisha muda nikaja ofisini kwako kuongezewa, kama raia mwema. Nikapelekwa chumba cha macho. Nikatoka na karatasi ya vipimo inayosema nisiendeshe chombo chochote cha moto bila miwani, na leseni sipewi mpaka nirudi nayo ikiwa puani. Mwenye bekari akaisoma, akanitazama, akasema, "Darubini, mpaka leseni irudi, ufunguo anashika shemeji yako." Shemeji ni kaka wa mke wangu, mtu wa miwani minene kama vitako vya chupa. Tangu siku hiyo yeye yuko kwenye usukani na mimi niko kiti cha abiria, nimepakata trei ya skonzi kama nimepewa mtoto nimshike wakati mama yake anaoga. Na kama leseni haijarudi kufikia mwisho wa mwezi, ufunguo unakuwa wa shemeji moja kwa moja, mimi nahamia stoo kubeba magunia ya unga. Mimi na magunia, Mkuu! Mgongo huu umezoea kuegemea kiti cha dereva.

Kwa hiyo nalalamika kama ifuatavyo.

LALAMIKO LA 1: HERUFI ZENYEWE

Yule binti wa koti jeupe alinikalisha kwenye kiti, akazima taa, akaniambia nisome ukutani. Ile herufi ya juu kabisa niliisoma vizuri, kwa sauti, mpaka waliokuwa nje kwenye benchi wakaisikia. Akasema, "Haya mzee, mstari unaofuata."

Mkuu, shule niliiacha njiani, lakini neno nalijua likoje. Pale ukutani hapakuwa na neno. Herufi zimemwagwa kama dengu zilizopasuka mfuko. Hazisemi SIMAMA, hazisemi HATARI, hazisemi hata KARIBU MGENI. Nikamuuliza, "Binti yangu, hii ni lugha ya wapi?" Akasema si lugha, ni kipimo. Basi nikatumia akili. Nikatafuta neno linaloweza kukaa kwenye nafasi ile nikamsomea: MKATE. Akasema hapana. Nikasema basi litakuwa MAHARAGE. Akacheka mpaka akainamia meza. Sasa mtumishi wa umma anacheka akiwa kazini, halafu anayefeli ni mimi?

Isitoshe, barabarani hakuna herufi zinazokujia zimejipanga kutoka kubwa hadi ndogo. Barabarani kuna lori. Lori halisomwi. Ukiliona umeliona, usipoliona litakuona lenyewe.

LALAMIKO LA 2: KIJIKO

Nilipewa kitu cheusi mfano wa kijiko nizibe jicho moja. Tangu nianze kazi sijawahi kuendesha gari nimejiziba jicho na kijiko. Kama yupo dereva anayefanya hivyo, mnyang'anyeni huyo. Nilimweleza binti kwa adabu kwamba jicho langu la kushoto ni la akiba, kama lile tairi linalokaa nyuma, na hakuna fundi anayelipima tairi la akiba kwa kulikimbiza barabarani. Alichukua kalamu. Aliandika.

Halafu akanivisha fremu ya chuma, nzito, akawa anachomeka vioo na kuchomoa. "Hiki au hiki? Cha kwanza au cha pili?" Mimi niliona vyote vizuri tu. Nikamwambia, "Vyote vizuri, binti yangu, usijisumbue." Akarudia. Nikasema cha kwanza, ili asijisikie vibaya. Akabadilisha, nikasema cha pili, ili na hicho cha pili kisijione kimetengwa. Mimi si mtu wa ubaguzi. Kumbe muda wote alikuwa anaandika tu! Hivi upole wa mtu unawezaje kutumika kama ushahidi dhidi yake?

LALAMIKO LA 3: MAPOKEZI YENU

Nilipoingia nilimkuta mzee mfupi, mnene, mwenye kofia nyeupe, ametulia kwenye kona karibu na dirisha. Nikampa shikamoo yangu kamili, mkono kifuani. Kimya. Nikarudia kwa sauti zaidi, pengine masikio yamechoka. Kimya. Watu waliokuwa kwenye mabenchi wakanitazama kwa huruma, nadhani na wao walikuwa wameshadharauliwa kabla yangu. Ofisi ya umma haifai kuweka mtu wa namna hiyo mlangoni. Kama hapendi watu akakae kwake.

LALAMIKO LA 4

Hili nimelisahau. Litakuja.

LALAMIKO LA 5: MIWANI NDIYO HATARI YENYEWE

Mimi sisemi jambo bila kulifanyia utafiti. Jioni moja shemeji alipokuwa anaoga nilichukua miwani yake nikaenda nayo uani pale bekari, nikaivaa. Ndugu Mkuu, ardhi ilipanda. Geti lililokuwa mbali kabisa lilinijia kama lina deni na mimi. Nikainua mguu juu kama jogoo nipate kuruka bomba la maji, kumbe bomba bado liko kule mbele. Magunia ya unga yakainama. Mimi, mtu niliyevuka mito miwili mikubwa na mpaka wa nchi moja, nilimkumbatia mchomaji mikate, yeye na joho lake la unga.

Mchomaji akaniambia, "Darubini, hiyo ni miwani ya mwenzio. Ilipimwa kwa macho yake. Ni sawa na kuvaa viatu vya mtu." Nikamjibu kwamba miguu ina saizi, macho ni macho.

Hitimisho la utafiti: kumlazimisha dereva avae miwani ni sawa na kumlazimisha apige glasi mbili tatu kabla hajawasha gari. Kama ningeshika usukani katika hali ile, leo ungekuwa unasoma habari zangu gazetini na si barua yangu.

LALAMIKO LA 4, LIMEKUJA: TAA

Jua likishazama, taa za magari yanayokuja huwa zinaota manyoya. Kila taa ina duara lake la mionzi, kama alizeti. Muda wote nilijua ni mapambo ya manispaa, nikawa nawasifu kwa watu. Juzi nikamwambia shemeji, "Tazama zilivyopendeza." Akasema, "Zimependeza nini? Si taa tu?" Maskini, miwani imemnyima urembo wa dunia. Haya ndiyo mnayotaka yanipate na mimi.

LALAMIKO LA 6: SHEMEJI

Hapa naomba utulie, maana hesabu inapanda.

Hatari nilizokutana nazo mimi kwenye njia ile tangu nianze kazi: hakuna. Hatari anazokutana nazo shemeji kwa wiki hii peke yake: shimo, shimo jingine, mbwa, mtoto na mpira wake, mwanamke na ndoo, gari linalorudi kinyumenyume, na kibao cha PUNGUZA MWENDO ambacho naapa hakijawahi kuwepo. Barabara ni ile ile. Gari ni lile lile. Mikate ni ile ile. Kilichoongezeka ni miwani. Sasa nani anayeleta hatari mjini?

Mtu asiyeona shimo hana shimo. Akishavaa miwani, anakuwa na shimo, anakanyaga breki, skonzi zinaruka, mikate inafika imepoa, mwenye duka anaiminya na kidole na kuguna. Pia nimegundua jambo la kusikitisha: watu hawamheshimu. Yeye akitokeza kwenye kona, hakuna anayepisha. Baiskeli zinabaki barabarani, wauza nyanya wanabaki na meza zao, mmoja hata alimpungia mkono akacheka. Mtu anacheka mbele ya gari langu! Wakati wangu hakuna aliyepata nafasi ya kucheka.

LALAMIKO LA 7: NGUZO YA NJANO

Hili ndilo kubwa. Lisomwe ukiwa umekaa.

Pale kwenye kona ya shule kuna mtu, sijui wa idara gani, alisimika nguzo ya njano, kimo cha mtu mzima, juu yake ina kitu chekundu cha mviringo. Nguzo si tatizo. Tatizo ni kwamba inahamahama. Leo iko kushoto, kesho iko kulia. Kuna asubuhi niliikuta katikati ya barabara kabisa, ikabidi nikwepe ghafla, trei zote za nyuma zikamwagika na mwenye bekari akanipa maneno mbele ya wadogo zangu kikazi. Nimeipigia honi mara nyingi, haisikii. Siku moja niliipita karibu mno nikasikia kitu kinagonga ubavuni mwa gari, ko ko ko. Siku nyingine niliisikia ikipiga kelele. Nadhani ina tundu, upepo ukipita inalia. Nani aliidhinisha nguzo ya namna hiyo mbele ya shule, penye watoto? Naomba ing'olewe isimikwe upya kwa zege, kabla haijamuumiza mtu.

Na hapa ndipo nilipojua shemeji hana hali nzuri. Jumanne tukiwa tunaikaribia, alisimamisha gari mbali kabisa, nyumba mbili kabla ya kuifikia. Akaipungia mkono. Nguzo! Halafu akasema peke yake, "Asante, mama." Niligeuzia uso upande wa pili kwa aibu mpaka tulipoipita. Nikamwambia taratibu, kama mtu anayeongea na mgonjwa, "Shemeji, hizo ni dalili."

Akaniuliza, "Shemeji, hivi kweli humwoni?"

Nikamwambia, "Naiona. Ni ya njano."

Akawasha redio mpaka tulipofika. Mtu akiishiwa hoja huwasha redio.

LALAMIKO LA 8: UONGO UMEINGIA NYUMBANI

Mjukuu wangu ameanza shule pale pale muhula huu. Mtoto mzuri, ana mwanya, anapenda sukari, jina la utani Bibi Mdogo kwa sababu anafoka kama bibi yake. Kila akirudi ananiambia, "Babu, leo nilikupungia mkono hukunipungia." Tangu muhula uanze. Mpaka hiyo wiki nilipotolewa kwenye usukani alikuwa anasema hivyo hivyo.

Sasa Mkuu, mimi ndiye Darubini. Kama mtoto angenipungia ningemwona. Sikumwona. Kwa hiyo hakunipungia. Kwa hiyo mtoto anadanganya. Nikamkalisha nikamwambia kwa upendo kwamba uongo si mzuri. Akalia, akakimbilia kwa bibi yake. Bibi yake akanitazama kwa jicho ambalo sikuweza kulisoma vizuri, maana alikuwa upande wa pili wa sebule. Akasema, "Mtoto anasema kweli, wewe baba." Nikasema basi na wewe umeingia kwenye njama. Hajanisemesha vizuri tangu siku hiyo, chai inawekwa mezani kwa kishindo, na mjukuu hanisogelei tena na madaftari yake. Yote haya ni kwa sababu ya binti wako na dengu zake za ukutani. Naumia, Mkuu. Natania, lakini naumia. Mtoto yule nikiingia tu alikuwa ananirukia mgongoni.

MAOMBI

Kwa kuzingatia hayo yote naomba yafuatayo. Nimeyapanga kama zile herufi zenu, ila zenu zinaanza kubwa zinaishia ndogo, mimi naanza na dogo.

Kwanza herufi za ukutani ziongezwe ukubwa. Ukuta mnao, rangi mnayo. Zikishakuwa kubwa vya kutosha nitazisoma, nyinyi mtapata asilimia nzuri ya waliofaulu, waziri atafurahi.

Pili, vibao vya barabarani visogezwe. Sioni kwa nini dereva ndiye ajitahidi kukiona kibao wakati kibao hakina kazi nyingine.

Tatu, kama ni lazima lenzi ziwepo, basi ziwekwe kwenye kioo cha mbele cha gari na si puani mwa mtu. Kioo chote kitengenezwe kwa kipimo cha dereva mwenyewe. Faida yake ni kubwa: mwizi akiiba gari ataona dunia imepinda, atagonga ukuta wa kwanza, polisi watamwokota hapo hapo. Na abiria nao wazoee macho ya dereva wao, hiyo ndiyo maana ya kusafiri pamoja.

Nne, kwa wale wanaotembea kwa miguu. Hawa ndio wanaotaka kuonekana, kwa hiyo wao ndio wajigharamie. Kila mtu anayevuka barabara avae kitu kikubwa cha rangi kali, tuseme njano, na ashike kitu chekundu cha mviringo juu, ili sisi madereva tumjue kwa mbali kwamba huyu ni mtu na si nguzo.

Tano na mwisho, miwani ipigwe marufuku barabarani kwa wote, kuanzia na shemeji, kwa kuwa imethibitika katika lalamiko la sita kwamba inazalisha mashimo. Sote tukiendesha bila kuona, hakuna atakayeiona ajali, na ajali isiyoonwa na mtu haina shahidi. Kesi zitaisha, mahakimu wapumzike.

Nakutakia kazi njema. Nisalimie makarani wote wa ghorofa ya juu na ya chini, mlinzi wa getini, na mama anayepiga deki ngazi, ambaye nilimkanyagia sakafu mbichi akanivumilia. Msalimie hata yule binti wa koti jeupe, mwambie sina kinyongo, ana kicheko kizuri. Yule mzee wa kofia nyeupe usimsalimie mpaka ajirekebishe.

Ni mimi mtii, ambaye mkono bado unatafuta gia hata nikiwa mezani nakula,

DARUBINI
Dereva wa gari la mikate (kwa sasa kiti cha kushikia trei)

NYONGEZA

Mkuu, usianze kutekeleza. Nakuandikia haya nikiwa hapa hapa mapokezi kwako, barua nimeipakata. Ningeichana niandike nyingine, lakini imenitoa jasho na karatasi ndiyo hiyo moja. Isome kuanzia huku chini, na ukifika katikati acha.

Leo asubuhi kikombe cha chai hakikuwa peke yake mezani. Palikuwa na kisanduku. Mke wangu alikuwa amechukua ile karatasi ya vipimo vya binti wako bila kuniambia akaenda kunitengenezea miwani. Akasema, "Vaa, au chai hunywi." Nikaivaa ili nimwonyeshe kwamba haifanyi kazi. Cha kwanza nilichokiona ni uso wake. Nikamwambia, "Kumbe umeota mvi." Akasema, "Zimeota, zimekomaa, na wewe ulikuwa umekaa hapo hapo." Hakufoka. Nilitamani angefoka.

Ardhi haikupanda. Mchomaji alikuwa sahihi kuhusu viatu. Nikamuuliza pale bekari, kwa nini hasa mliniita Darubini? Akakaa juu ya gunia akacheka machozi yakachora mistari kwenye unga wa mashavuni. "Mzee wangu, tulikuwa tunakutania! Wewe mkate wenyewe unaunusa kwanza ndipo unajua ni upi." Hilo nalo nimelipokea.

Tukatoka na gari, shemeji kwenye usukani, mimi na trei yangu. Kile kibao cha PUNGUZA MWENDO kipo. Kina kutu. Ni cha zamani kuliko gari.

Tulipofika kona ya shule niliitazama nguzo. Nguzo ilikuwa na uso. Ni mama mtu mzima, koti la njano mpaka magotini, viatu vya mpira, na kile chekundu cha mviringo ni kibao chake cha kusimamishia magari, amekishika kwa mkono wake. Kazi yake ni kuvusha watoto. Alipoliona gari letu linatokeza, na hili nimeliona kwa macho yangu mwenyewe kutoka nyumba mbili mbali, aliacha kibao kikaning'inia, akatandaza mikono yote, akawakusanya watoto wote akawabana ukutani, akasimama mbele yao amewapa mgongo, kifua chake kimeielekea barabara. Walijipanga bila kuambiwa. Wamezoea. Hata wadogo kabisa walijua mahali pao pale ukutani.

Wa mwisho kwenye mstari, mwenye sweta la bluu na mwanya, alikuwa ameutoa mkono pembeni ya lile koti la njano. Alikuwa ananipungia.

Shemeji akasimama. Mama akaja dirishani anahema. "Nisamehe baba, bado sijazoea gari hili likisimama. Yule mwenzio alikuwa hasimami. Nimegonga bodi mpaka mkono umevimba, nimepiga kelele mpaka sauti imeisha, wapi. Sasa hapa ikitokeza tu hiyo rangi nyekundu juu ya kioo, tunabana ukutani kwanza. Amekwenda wapi yule kichaa?"

Shemeji akashika usukani kwa mikono miwili, akatazama mbele. Angeweza kunichoma, hakunichoma. Miwani yake ile minene imekaa kwenye uso wa mtu mwema, na nilikuwa sijawahi kuona hivyo.

Nikasema, "Ni mimi, mama."

Alinitazama, akaitazama miwani. Sikuwa na utani hata mmoja mdomoni, na wewe umeshaona jinsi ninavyokuwa nao. Nikamwomba radhi. Akasema, "Usiivue." Basi. Akarudi kwa watoto wake.

Mjukuu wangu bado alikuwa na mkono juu. Nimempungia. Nilimpungia kwa mikono yote miwili, trei ikaanguka, skonzi zote chini. Mwenye bekari atasema atakalosema.

Kwa hiyo lalamiko la saba nalifuta. Nguzo isiguswe, na mtu yeyote asithubutu kuisimika. Lalamiko la nane nalifuta kwa magoti, na jioni nitalifuta tena nyumbani mbele ya mhusika. Lalamiko la tatu nimelifuta sasa hivi: yule mzee wa kofia nyeupe ni pipa lenu la maji ya kunywa na mfuniko wake. Hata hivyo leo nimemsalimia tena, kwa mazoea. Pipa nilikuwa nalipa shikamoo, na mtu nilikuwa nampigia honi.

Naomba nipimwe upya. Niko kwenye benchi la karibu na pipa. Mlango wa chumba cha macho uko wazi na mstari ule nauona kutoka hapa. Kweli hausemi MAHARAGE. Lakini hata mkinipa leseni leo, ufunguo abaki nao shemeji kwanza. Nitakaa kushoto kwake nijifunze njia, maana ile niliyokuwa naiendesha haikuwa hii.

Na pale juu mwanzoni, nilipokuandikia kwamba nina bahati ya barabara na watu wananipisha kwa heshima, pafute kwa wino mweusi. Sikuwa na bahati yoyote. Watu walikuwa wananikimbia.